Msalaba Uliovaliwa Ukavunjika

Anayetaka kuujua usonara asianze na msalaba wa Lothair, ule wa Aachen, Ujerumani, uliotengenezwa karibu na mwaka 1000. Ule ni wa kifalme. Vito vimejaa tele, na katikati yupo Kaisari Augusto wa Roma, aliyechongwa kwenye jiwe karne nyingi kabla. Unatisha, nao ulikusudiwa kutisha. Mimi naupenda zaidi ule mdogo wa Durham, Uingereza, unaoenea kiganjani.

Ni msalaba wa kuvaa kifuani, wa dhahabu na garneti, yaani vito vyekundu, kazi ya karne ya 7. Ulipatikana mwaka 1827 katika kanisa kuu la Durham, lilipofunguliwa jeneza la Mtakatifu Cuthbert, askofu wa Lindisfarne aliyefariki mwaka 687. Watawa walishalifungua mwaka 1104, na watu wa Mfalme Henry VIII nao wakalifungua baadaye. Msalaba ukabaki palepale, umezama katikati ya mavazi.

Mikono yake minne inalingana. Sonara alisimamisha vipande vyembamba vya dhahabu juu ya bamba, akavilehemu, vikawa kuta za vyumba vidogo vidogo. Kisha kila chumba akakikatia garneti yake. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Dhahabu ina huruma: ikikosewa, huyeyushwa ikaanzwa upya. Garneti haina. Hailainiki ikafuata ukuta, wala haibanwi ikaingia kwa nguvu. Unaisugua kidogo, unaijaribu, unaitoa, unaisugua tena, ukizidisha, umeipoteza. Na kwa sababu jiwe ni jembamba, mwanga unapenya, wekundu wake unaiva. Katikati kabisa aliweka garneti ya mviringo, chini yake akalaza kipande cha kombe jeupe la baharini. (Nani angefikiria kombe, na dhahabu yote ile iko mezani?)

Halafu kuna viraka. Msalaba huu uliwahi kuvunjika, ukatengenezwa, tena zaidi ya mara moja, na waliotengeneza hawakuwa na mkono wa yule wa kwanza. Kazi yao inajionyesha. Wapo wanaoiona kama dosari. Kwangu ni ushahidi kwamba kitu hiki kilivaliwa na mtu, hakikukaa sandukuni kikisubiri wageni. Jina la sonara halikuandikwa popote.

Ukibahatika kufika kwenye kanisa kuu la Durham, usikimbilie kushangaa dhahabu. Tazama kwanza pale ulipovunjika, kisha hesabu vyumba.