Risaga au Egesangio? Uhakiki wa Istilahi ya "Ujifunzaji wa Shirikisho"

Miongoni mwa dhana za taaluma ya kompyuta zinazodai majina katika lugha za Afrika Mashariki ni ile ya vifaa vingi vidogo, vyenye umeme mchache, kujifunza kwa pamoja kila kimoja kikiwa mahali pake. Mwaka 2017 H. Brendan McMahan na wenzake wa kampuni ya Google walichapisha makala yaliyoipa njia hiyo jina la shirikisho, kwa hoja kwamba kazi hufanywa na shirikisho legevu la vifaa likiratibiwa na seva moja. Mfasiri wa Kiswahili hushawishika mara moja kusema "ujifunzaji wa shirikisho". Kwa kamusi, tafsiri hiyo haina kosa. Linalohojiwa hapa ni kama inaafiki jambo lenyewe, na Ekegusii, lugha ya Kisii na Nyamira, inasaidia kulijibu swali hilo kuliko Kiswahili.

Utaratibu wenyewe ni huu. Seva huzipelekea simu modeli moja. Kila simu huifunza modeli hiyo kwa maneno aliyoyaandika mwenye simu, kisha hurudisha tarakimu za mabadiliko tu; maneno yenyewe hayatoki. Seva hupiga wastani wa tarakimu hizo, kila simu ikipewa uzito kwa kadiri ya mifano iliyo nayo, na modeli mpya huanza safari tena. Faida yake si ndogo. Ujumbe wa mama wa Keroka kwa mwanawe hauendi kuhifadhiwa katika ghala la kompyuta la ng'ambo, ingawa imekwisha onyeshwa kwamba hata tarakimu zaweza kuvujisha siri zisipolindwa.

Kabla ya kulifikia neno "shirikisho", hapana budi kulitazama neno "kujifunza", ambalo siku hizi hutumiwa ovyo. Mizani ya kielektroniki katika vituo vya kununulia majani chai hupima na kupeleka hesabu, haijifunzi. Programu ya Nuru ya PlantVillage, yenye jina la Kiswahili, hutambua magonjwa ya mihogo katika simu hata pasipo intaneti; lakini modeli yake ilifunzwa kwingine, kwa picha zilizokusanywa. Kupeleka, kutambua na kujifunza ni vitenzi vitatu. Kitenzi cha tatu ndicho ghali, kwa maana hudai kumbukumbu na umeme mwingi kuliko viwili vya kwanza, na kifaa chenye kumbukumbu ya kilobaiti mia chache hukimudu kwa shida. Kwa hiyo anayesema kwamba vifaa vidogo "vinajifunza" aulizwe kwanza ni kitenzi kipi kati ya hivyo anachokikusudia.

Sasa turudi Gusii. Kazi ya pamoja huko ilikuwa na majina zaidi ya moja. Egesangio ni kikundi kidogo cha kupokezana: leo shamba la huyu, kesho la yule, na zamu humfikia kila mtu. Risaga ni mwito mkubwa wa majirani, ambao Philip Mayer aliuchunguza katika utafiti wake wa 1951. Mwenye shamba huita, majirani huja na majembe yao, na kazi ikiisha hunywa pombe aliyoiandaa. Aliyeita ndiye aliyechagua siku na shamba. Katika risaga hakuna dhuluma; ujirani wenyewe uliidai. Lakini mavuno ni ya mwenye shamba.

Kwa kipimo hicho, njia ya McMahan na wenzake ni risaga. Seva huita, huchagua simu, na huamua kazi ipi ifanywe. Modeli iliyoboreshwa, inayorudishwa kwa kila simu, ndiyo pombe. Neno "shirikisho" huleta picha ya wanachama wenye mamlaka na sauti katika baraza, picha ambayo Mwafrika Mashariki anaijua vizuri kutokana na siasa. Simu haina kiti katika baraza lolote.

Tena si kila jirani huitwa. Katika jaribio la kibodi ya Gboard lililochapishwa mwaka 2018, ambalo lilihusu Kiingereza, simu ilitakiwa iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 2, iwe inachajiwa, iwe haitumiki, na iwe katika mtandao usiopimwa. Masharti hayo yana busara, kwani yanalinda betri na fedha za mwenye simu. Lakini mkulima wa Borabu anayenunua bando la siku hayatimizi, na lugha yake hubaki nje pamoja naye.

Ekegusii ina mengi ya kupoteza hapo. Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii wapatao milioni 2.7, lakini irabu saba za lugha yao huandikwa kwa herufi tano, na toni haiandikwi. Kiambishi chenye k katika Ekegusii huwa na g katika egesangio, kwa kuwa sauti inayofuata ni sighuna. Hiyo ni Kanuni ya Dahl, ambayo mashine haina budi kuigundua katika mifano. Lugha hiyo ikichanganywa na Kiswahili na Kiingereza katika modeli moja, kama wasemaji wenyewe wanavyozichanganya katika jumbe zao, wastani wenye uzito wa wingi utaisahihisha egesangio kuwa kitu kingine.

Itajibiwa kwamba wapo watafiti wanaoacha sehemu ya modeli ibaki kwa kila simu, ifuate mazoea ya mwenyewe. Jibu hilo ni la haki, na njia hiyo inakaribia egesangio zaidi. Basi istilahi nazo zitengane. "Shirikisho" libakizwe pale tu vifaa vinapokuwa na hiari ya kweli juu ya kazi, zamu na mavuno. Penye mwitaji mmoja, Kiswahili kikope risaga kutoka kwa jirani yake, na fasili ya kamusi iseme wazi ni nani aliyeita.