Foleni ya Darubini

Usiku wa kutazama nyota kwa umma mara nyingi hupimwa kwa urefu wa foleni. Watu wamejaa, kila mmoja ameinama kwenye darubini, amesema "Aa!", basi shughuli imefana. Kipimo changu ni kingine: kesho yake, darubini ikisharudi sandukuni, mtazamaji anaweza kuonyesha nini angani kwa kidole chake?

Kwa kipimo hicho, usiku niliouhudhuria Lilongwe Desemba 2024 ulipwaya. Wenyeji wetu walikuwa wapenzi wa nyota tu, watu wenye kazi zao za mchana, na ukarimu wao haukuwa na dosari. Mawingu yalipofunguka tulimwona Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kila mtu alipata kama nusu dakika. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na wengi waliondoka na kumbukumbu ya doa la mwanga linalotetemeka. Jirani kabisa na Mshtarii, bila haja ya kioo chochote, Kilimia kiliwaka, na hakuna aliyekitaja.

Hapo ndipo ninapolaumu. Jina la Kilimia limetokana na kulima, na wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hapa Malawi, mwezi Novemba, kundi hilo huchomoza jua linapotua, majira yale yale mvua zinapoanza na watu wa Mitundu wanaposhika majembe. Hilo lingeelezwa kwa dakika tatu na mtu angelikumbuka maisha yake yote. Lugha yenyewe ina mitego, nakubali. Nilipomwambia mama naenda kwa wanajimu, aliniuliza wanatoza kiasi gani kwa kutabiri.

Si kwamba kazi nzuri haipo. Susan Murabana na Chu Owen wa Travelling Telescope, Kenya, hupeleka darubini yao hadi shule za vijijini. Tanzania nayo, tarehe 1 Septemba 2016, watu walikusanyika Rujewa, Mbeya, kuona jua likigeuka pete, na Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa ameuelimisha umma mapema. Wote waliona jambo moja kwa wakati mmoja. Foleni ya nini?

Sisi wa Dzaleka tuna giza zuri kuliko Lilongwe, ingawa si la kujitakia. Kambi hii, iliyokuwa gereza, ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Sasa tumepita 50,000. Tangu 2023 serikali imesisitiza wakimbizi wakae kambini, na kutoka kunahitaji kibali. Nyota huonekana usiku, na usiku hakuna gari la kurudi. Tangazo linaposema "wote mnakaribishwa", mimi husoma orodha fupi zaidi.

Tarehe 7 Septemba 2025 hatukuhitaji kualikwa. Tangu saa moja na nusu hadi karibu saa tatu usiku mwezi ulikuwa mwekundu juu ya mabati yetu. Watoto waliuliza nani kauchoma. Jirani alishika tochi ya simu, mwingine chungwa, mimi punje ya hindi: jua, dunia, mwezi. Wekundu ni ule ule wa machweo, mwanga uliopita pembezoni mwa hewa ya dunia ukapinda hadi mwezini. Kwa Kiswahili, kisha Kirundi, kisha ubishi.

Wenye darubini wakija Dzaleka, nawaomba waiache sandukuni nusu saa ya kwanza. Watandike mikeka, wazime taa, wamwulize mzee yeyote wa Kivu au Burundi kwao walipanda mbegu kwa kutazama nyota ipi. Foleni ianze baadaye, na watoto watangulie.