Zimwi la Zambarau

Mgeni akiingia sebuleni kwangu huliona kabati la vioo kabla hajaniona mimi. Humo mna visanamu vya mashujaa, majoka na mazimwi, kimo chake aghalabu milimita 28 hivi, nilivyovipaka rangi kwa mkono wangu tangu miaka tuliyokaa Nottingham, Uingereza. Mji huo ndio makao ya Games Workshop, kampuni iliyotoa mchezo wa vita uitwao Warhammer mwaka 1983. Wengi hudhani ni vitu vya watoto. Mimi naomba nivihukumu kama sanaa, maana ndivyo vinavyostahili.

Kwanza nitaje sifa. Kisanamu kidogo namna hii hakipati kivuli cha kutosha kutokana na taa ya chumbani. Mpakaji hana budi kukitengenezea jua lake mwenyewe: hutia rangi ya majimaji iliyokoza, ikashuka katika mikunjo ya joho, kisha hupitisha mstari mwembamba wa rangi iliyopauka kwenye kingo za silaha. Ukikitazama, chuma kinang'aa na kitambaa kinakunjamana. Huo ni ufundi wa kweli. Unadai macho, mkono usiotetemeka, na subira.

Kasoro ninayoiona iko kwenye picha ya boksi. Kampuni ina kikundi cha wapakaji wake, 'Eavy Metal, ambao kazi zao ndizo hupigwa picha, kila ukingo umechorwa safi. Picha ile ilikusudiwa kumwonyesha mnunuzi kilichomo. Sisi tukaigeuza sheria. Nimeona majeshi mezani yamefanana kama wanafunzi wa gwaride. Ajabu ni kwamba John Blanche, mchoraji aliyeongoza sanaa ya kampuni hiyohiyo kwa miaka mingi, visanamu vyake mwenyewe alivipaka rangi za udongo na kutu, vikatisha zaidi kwa sababu havikuonyesha kila kitu.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Mwanangu alipokuwa na miaka minane nilimpa zimwi la madini alipake. Alilipaka zambarau, akalitia macho makubwa ya manjano, na rangi ikawa nzito hata meno hayakuonekana. Nikamwuliza, kwa nini zambarau?

"Baba, anasikia baridi."

Ulikuwa mwezi wa Januari. Kesho yake alipokwenda shule nikalitumbukiza zimwi katika dawa ya kutoa rangi, nikalisugua, nikalipaka upya kwa kijani, sawasawa na boksi. Nilidhani nimemfanyia hisani. Aliporudi alilishika, akaligeuzageuza, akaniwekea mkononi.

"Hili ni lako, baba."

Hakushika brashi tena.

Mwanangu sasa ni mtu mzima, na hatujapata kulizungumza jambo hilo. Zimwi la kijani bado limo kabatini, na wageni hulisifu kuliko vyote. Nami nikilihukumu kwa haki nasema hivi: mistari imenyooka, vivuli vimekaa mahali pake, meno yote yanahesabika. Lakini lile la kwanza, pamoja na makosa yake yote, lilikuwa na habari ya kunieleza. Hili halisikii hata baridi.