Haraka Isiyo na Baraka: Uhakiki wa Tangazo la Kiharusi Mbele ya Hadhira ya Konyo Konyo

Utangulizi

Mwezi Februari 2009 Wizara ya Afya ya Uingereza ilianza kuonesha kwenye televisheni tangazo ambalo wengi walioliona hawajalisahau. Uso wa mtu unalegea upande mmoja, moto unawaka kichwani mwake na kuenea, na sauti inataja dalili za kiharusi: uso, mkono, usemi. Herufi za mwanzo za maneno hayo kwa Kiingereza, pamoja na ile ya neno la nne lenye maana ya wakati, huunda neno FAST, yaani haraka. Tangu hapo kifupisho hicho kimeenea duniani, na kila tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani, hutafsiriwa na kusambazwa upya.

Makala haya yanalihakiki tangazo hilo kama matini, kisha yanauliza lingepokewaje katika soko la Konyo Konyo, Juba. Swali hili si la kubuni tu. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na hamu ya kutumia Kiswahili kimoja kupeleka ujumbe wa afya katika nchi zote wanachama inazidi kukua. Hamu hiyo ni njema. Hoja yetu ni kwamba tangazo la aina hii halifai kutafsiriwa, linafaa kutungwa. Anayepuuza tofauti hiyo atalipa kwa dakika, na katika kiharusi dakika ni ubongo.

Moto usio na sauti

Tuanze na sifa zake. Tangazo la Uingereza ni fupi, lina taswira moja tu, na linamwagiza mtazamaji kitendo kimoja: kupiga simu namba 999. Tathmini zilizofuata zilihusisha awamu yake ya kwanza na ongezeko la wagonjwa waliofika hospitali kwa dharura. Hata hivyo, ilibainika pia kwamba wengi waliolikumbuka vizuri hawakuchukua hatua upesi kiharusi kilipotokea nyumbani mwao. Mwezi Novemba 2024 mamlaka za afya za England zilitoa tangazo jipya linalosisitiza kwamba dalili moja tu inatosha kupiga simu. Marekebisho hayo ni uhakiki wa kutosha: orodha ya dalili tatu ilikuwa imemwachia mtazamaji nafasi ya kusubiri zitimie zote.

Sasa tulihamishie Konyo Konyo. Huko televisheni mara nyingi hutazamwa kwenye kibanda cha chai au ukumbi wa mpira, katikati ya ngurumo za jenereta na kelele za wapiga debe. Sauti hupotea, picha hubaki. Tangazo ambalo maana yake yote imo katika sauti ya msimulizi litabaki kuwa picha ya mtu anayeungua kichwa. Moto nao si sitiari tupu kwa mfanyabiashara aliyekuwa Juba Desemba 2013 au Julai 2016, mapigano yalipozuka mjini. Kwake, jambo la kwanza la kufanya moto unapoonekana ni kukimbia. Tangazo linamtaka amkimbilie mgonjwa. Taswira yake inamfundisha kumkimbia.

Haraka na baraka

Tafsiri ya kifupisho chenyewe ina tatizo jingine. Tukitaja uso, mkono, usemi na wakati, herufi za mwanzo haziundi neno lolote. Wako watafsiri wanaoliacha neno la Kiingereza kama lilivyo na kulieleza kando, na hapo kifaa cha kukumbukia kinageuka kuwa kitu kingine cha kukariri.

Wengine wamefanya vizuri zaidi. Nchini Brazil herufi za dalili hizo zimepangwa zikaunda SAMU, jina la huduma ya magari ya wagonjwa ambalo kila mtu analijua: tabasamu, kumbatia, sema, harakisha. Nchini China wataalamu walitumia namba 120, ambayo ndiyo namba ya dharura: moja ni uso, mbili ni mikono miwili, na sifuri, ambayo kwa Kichina hutamkwa sawa na neno la kusikiliza, ni usemi. Katika mifano yote miwili wazo limesalia na umbo limezaliwa upya ndani ya lugha husika.

Kiswahili nacho kina kikwazo chake na hazina yake. Kikwazo ni neno haraka. Mtoto wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba haraka haraka haina baraka. Tangazo linalopaza sauti «haraka!» linagongana na methali inayojulikana kuliko tangazo lolote, na methali ndiyo itakayoshinda. Hazina ipo papo hapo: chelewa chelewa utakuta mwana si wako, ngoja ngoja yaumiza matumbo. Mtunzi anayeijua lugha yake hatasifu haraka, bali atalaumu kuchelewa. Maana ni ileile, lakini ya pili ina jamii nzima ya wasemaji nyuma yake.

Jina la ugonjwa na njia ya tiba

Jina analopewa ugonjwa huamua mlango utakaobishwa kwanza. Utafiti wa Makemba na wenzake uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu Bagamoyo ulionesha jinsi degedege, kwa kuchukuliwa kuwa ugonjwa wa peke yake, ilivyowapeleka watoto kwa waganga wa jadi kabla ya hospitali. Kuhusu kiharusi, Mshana na wenzake walibaini mwaka 2008 kwamba katika maeneo waliyochunguza Dar es Salaam watu wengi walikihusisha na majini au uchawi, ilhali vijijini Hai maelezo ya kimaumbile yalitawala. Wanaodhani kwamba mjini ni mahali pa sayansi na shambani pa ushirikina wasome matokeo hayo mara mbili. Ikumbukwe pia kwamba utafiti wa Walker na wenzake wa mwaka 2010, baada ya kusawazisha umri, ulikuta visa vipya 315.9 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 Dar es Salaam, dhidi ya 108.6 Hai.

Konyo Konyo majina ni mengi zaidi. Mfanyabiashara kutoka Kenya au Uganda ana kiharusi, kupooza, au neno la Kiingereza. Anayetumia Kiarabu ana jalta, neno lenye maana ya damu iliyoganda, linalotumika kwa moyo na kwa ubongo. Tangazo lenye jina moja tu litasikika kama habari ya ugonjwa wa watu wengine. Tangazo linaloanza na mwili, yaani mdomo uliopinda na mkono usioinuka, halihitaji jina ili lieleweke.

Usemi na saa

Ipo dalili moja ambayo soko hili huificha: usemi. Konyo Konyo watu huuziana kwa Kiarabu cha Juba, Kiswahili, Kibari, Kidinka na lugha nyingine, na wengi hutumia lugha ya tatu au ya nne. Kiswahili cha wengine kilipatikana katika kambi ya Kakuma, cha wengine barabarani kutoka Uganda. Kusitasita ni sehemu ya mazungumzo ya kila siku. Jirani atajuaje kwamba mama wa nyanya anababaika kwa sababu ya ubongo na si kwa sababu ya lugha ngeni? Agizo la «msikilize anavyosema» halitoshi. Linalofaa ni hili: msemeshe kwa lugha yake ya nyumbani, au mwite anayeijua.

Hatari ya pili imo katika saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili kuanza, baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari ni: ilianza saa ngapi? Msemaji wa Kiswahili akijibu «saa tatu» anakusudia saa tatu baada ya jua kuchomoza. Msikilizaji anayehesabu kwa Kiarabu au Kiingereza ataelewa saa tisa usiku au alasiri. Tofauti hiyo ni saa sita, nayo ni kubwa kuliko muda wote wa tiba. Tafsiri iliyo sahihi kisarufi inaweza kumnyima mgonjwa dawa, au kumpa dawa isiyomfaa tena.

Hitimisho

Washauri wa sera watauliza kama inafaa kuwahimiza watu kwenda mahali ambapo huenda kipimo hicho hakipatikani. Swali ni la haki, na tangazo lisiahidi lisichoweza kutimiza. Lakini hata pasipo dawa hiyo, mgonjwa hunufaika akiwahi kupimwa shinikizo la damu, kulazwa vizuri na kulindwa asipaliwe.

Tunapendekeza mambo manne. Tangazo litungwe mahali litakapooneshwa na lieleweke hata bila sauti. Liagize vitendo badala ya herufi: atabasamu, ainue mikono miwili, aseme jina lake kwa lugha yake, ikionekana kasoro moja, asafirishwe. Libainishe usafiri uliopo, gari la jirani au bodaboda yenye mtu wa kumshikilia, badala ya kukopa namba ya simu ya nchi nyingine, na likataze kumpa mgonjwa chakula, kinywaji au kidonge njiani. Mwisho, liwafundishe mashahidi kutaja wakati kwa tukio: kabla ya adhana ya adhuhuri, baada ya soko kufunguliwa.

Kiswahili kimepewa heshima ya kuunganisha kanda hii. Mgonjwa aliyeanguka kando ya meza ya nyanya hatanufaika na heshima hiyo iwapo jirani yake hatajua la kufanya.