Chai ya Mtungini Shinyalu: Nimeionja, na Siachi!

Wacha niseme mapema kabla pumzi haijaniisha: kinywaji kitamu kuliko vyote nilivyoonja mwaka huu hakikutoka baa wala supamaketi. Kimetoka kwenye mtungi wa kioo uliofunikwa kipande cha leso, jikoni mwa watu, hapa Shinyalu, karibu na soko. Na ni chai! Chai ya rangi, strungi yetu ya kila siku, ya majani yanayochumwa kandokando ya msitu wa Kakamega. Imetiwa sukari, ikaachwa ichachuke, ikageuka kitu kingine kabisa. Kombucha, ndiyo hiyo.

Fungua chupa: pshiii! Povu linapanda hadi shingoni, linatulia. Rangi ni ya asali. Pua inakutana na siki kwanza, na hapo ndipo waoga hurudisha glasi mezani. Usirudishe! Nyuma ya siki kuna tangawizi, nyuma ya tangawizi kuna pera lililoiva, na ukimeza ukali unakubana pembeni mwa ulimi kisha unakuachia utamu kidogo, kidogo tu, wa kukufanya uombe tena. Nilipoonja soda baada ya hapo, niliona ni maji ya sukari yaliyotiwa rangi.

Kisha nikaonyeshwa kinachofanya kazi yote hiyo. Juu ya chai umelala utando mnene, wa rangi ya krimu, unaoteleza, huku nyuzi za kahawia zikining'inia chini yake. Nilikunja uso. Kukhu, yaani bibi mwenye jiko, akaniangalia, akacheka: “Mjukuu wangu, na busaa unadhani huchachuliwa na malaika?”

Alinimaliza. Watu walioloweka unga wa mahindi mpaka ukachacha, wakaukaanga juu ya bati, wakauchanganya na kimea cha wimbi wakapata pombe yao ya busaa, watafundishwa nini kuhusu uchachu? Hapa ujuzi upo tayari. Majani ya chai nayo yapo: mashamba ya Nyayo Tea Zones, mradi ulioanzishwa mwaka 1986, yanapakana na msitu pale Isecheno, na kiwanda cha Mudete kule Vihiga hununua majani ya wakulima wadogo. Kilichokuwa kinakosekana ni huo utando, na utando huzaa: kila mtungi mpya hutengeneza wake, jirani akagawiwa.

Kazi yenyewe ni rahisi kiasi cha kukasirisha. Chemsha lita moja ya chai, tia sukari kama gramu 80, iache ipoe kabisa, weka utando pamoja na kikombe kidogo cha kombucha ya zamani, funika kwa kitambaa safi, subiri wiki moja hadi mbili. Usiku wa Shinyalu una baridi, kwa hiyo usiwe na haraka. Hamira iliyomo kwenye utando huila sukari na kutoa pombe kidogo pamoja na gesi. Bakteria nao huigeuza pombe hiyo kuwa asidi, na wanahitaji hewa, ndiyo maana ni kitambaa, si kifuniko. Ile kombucha ya zamani usiisahau hata kidogo, kwa sababu ukali wake ndio huzuia vijidudu vibaya siku za mwanzo. Ukiona ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, mwaga vyote, utando na chai.

Sasa afya. Nimesikia inatibu sukari, presha, viungo, mpaka saratani. Taratibu jamani! Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Missouri walipekua tafiti zilizochapishwa, wakakuta moja tu iliyofanywa kwa binadamu. Nyingine zilikuwa za panya na za maabara. Mwaka 2023 yakaja majaribio yaliyonisisimua kweli: wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya pili huko Marekani walipewa mililita 240 kila siku kwa wiki nne, na wastani wa sukari yao kabla ya kula ukashuka kutoka 164 hadi 116 mg/dl. Zuri! Lakini watu 12 hawajazi hata matatu ya kwenda Khayega, sembuse kumfanya mtu aache dawa zake.

Na kuna upande unaonifanya niweke glasi chini. Mwaka 1995, jimboni Iowa, wanawake wawili waliokuwa wakiinywa kila siku walizidiwa na asidi mwilini, mmoja akafariki. Wachunguzi hawakuthibitisha kwamba ni kombucha, na watu zaidi ya 100 waliotumia utando wa chanzo kile kile hawakudhurika. Walisema kama mililita 120 kwa siku huenda isimdhuru mtu mwenye afya, lakini hatari ya kuzidisha haikujulikana. Mwaka 2009 iliripotiwa habari ya kijana wa Los Angeles mwenye virusi vya UKIMWI aliyelazwa hoi ndani ya saa 15 baada ya kuinywa. Kwa hiyo mwenye kinga dhaifu aiache. Mjamzito aiache. Watoto vilevile, maana pombe ipo: mwaka 2010 maduka ya Whole Foods ya Marekani yaliziondoa chupa rafuni kwa kuwa kilevi kilihofiwa kupita asilimia 0.5. Na usichachulie kwenye chungu kilichopakwa rangi ya kung'aa. Australia kuna mtu na mkewe walioingiwa na madini ya risasi mwilini, asidi ilipoyayeyusha kutoka kwenye rangi ya chombo chao. Kioo, basi. Na ukishaitia kwenye chupa, zipunguze gesi kila siku, la sivyo zitapasuka.

Mimi nakunywa glasi ndogo, kwa sababu ni tamu, si kwa sababu ni dawa. Na mandazi haiendi, nimejaribu, ni vita. Na ingokho, kuku wetu, wa kuchoma na ugali wa wimbi? Mafuta yanakatwa, mdomo unasafishika, unaanza upya! Asubuhi ya kupiganisha mafahali, ngoma ya isukuti ikilia, ningeuza ndoo nzima kabla fahali wa kwanza hajainamisha pembe.

Kasoro moja: mitungi miwili ya jiko lile lile haifanani, mmoja mtamu, mwingine siki tupu. Wanaotaka kuuza watahitaji karatasi za kupimia asidi na daftari la kuandika tarehe. Mimi macho yangu yako kwenye chai ya zambarau, ile aina TRFK 306 iliyotolewa Kericho mwaka 2011. Mwenye majani yake anitumie salamu, utando ninao.