Kitabu cha Mtoto wa Sumbawanga ni cha Umri Gani?

Dada yangu wa Sumbawanga ana watoto watatu: mmoja kaanza darasa la kwanza, wa pili ana miaka 10, wa tatu yuko kidato cha pili. Aliniagiza vitabu. "Si wewe ndiye msomi wa fasihi? Basi wachagulie wajomba zako." Nikadhani ni kazi ya nusu saa dukani. Kumbe ni swali la uhakiki kabisa, tena moja ambalo sisi tunaokesha na fani na maudhui ya vitabu vya wakubwa hulikwepa.

Wachapishaji huandika umri au darasa kwenye jalada. Sawa, lakini umri huo umepimwa kwa mtoto yupi? Mtoto wa vijiji vya Ufipa huingia darasa la kwanza na Kifipa kinywani; Kiswahili cha kusoma anakikuta ubaoni. Kitabu cha miaka 6 kwa mtoto wa Kariakoo huenda kwake kikawa cha miaka 8, wala si suala la akili. Kwa huyu mdogo nilichukua kitabu cha picha kubwa na mstari mmoja kila ukurasa, katika vile vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991. Nikamwambia dada amsimulie picha kwa Kifipa kwanza, ndipo wasome. Hapo sina ubishi.

Wa miaka 10 ndiye aliyenitoa jasho. Nilitaka kitabu chenye Ufipa ndani yake: baridi ya uwanda wa juu, mashamba ya ulezi, yale matanuru marefu ya udongo ya wafua chuma wa zamani. Dukani sikukuta hata kimoja. Minazi na bahari vilijaa tele. Hadithi za Wafipa nilizikuta maktaba, katika There Was a Certain Man cha Roy Willis, kilichochapwa Oxford mwaka 1978. Zimefasiriwa kwa Kiingereza na kuchambuliwa kisomi. Simlaumu Willis, alikwenda akasikiliza. Sisi wenye lugha ndio wa kuulizwa: ngano ya bibi imesafiri hadi Uingereza, mjukuu wake atangoja mpaka afike chuo kikuu ndipo aisome, tena kwa kamusi?

Basi nikamchukulia Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Najua wahadhiri wangu watanuna, maana tumezoea kuiweka kabatini pamoja na maadili na falsafa. Lakini hebu itazameni kama mtoto: mtu mwema, kila usiku, anawapiga manyani wawili, kumbe ni ndugu zake! Mtoto gani wa miaka 10 hatauliza kwa nini? Msamiati ni mzito, kwa hiyo asomewe. Na pale mtunzi anapoanza kuhutubia, msomaji aruke kurasa, hadithi haitakufa.

Wa kidato cha pili sasa. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo (2002) anaweza kukisoma leo. Watoto wanaokosa shule na kuishia jalalani si wa Dar es Salaam peke yake. Kilichonisimamisha ni Takadini, riwaya ya Ben Hanson (1997), ambayo kwa miaka mingi imekuwa kwenye orodha ya kidato cha 3 na cha 4. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto auawe, mama anatoroka naye. Shuleni kinasomwa kwa "taja dhamira tano". Kwa mtoto wa Sumbawanga, mji ambao hata jina lake wengi hulifasiri "tupa uchawi", habari za waganga humfikia kabla hajajua herufi. Februari 2013, humu humu mkoani Rukwa, mtoto wa umri wa shule ya msingi alikatwa mkono kwa sababu ya ualbino wake. Kitabu kinachozungumza jambo hilo kingoje miaka 16? Nani kapanga hivyo?

Hata hivyo sikipi kitabu hiki alama zote. Hanson anaweka hatari ndani ya mila za zamani: wazee, miiko, kijiji kilichofungwa. Huyu wa Rukwa hakuwindwa kwa mila. Aliwindwa kwa fedha, na watu wa leo wanaoamini kiungo cha binadamu huleta utajiri. Mtoto akikisoma peke yake anaweza kukifunga akisema, "Ah, hayo ya kale." Ndiyo maana naona hakifai kuachiwa kidato cha 3 na maswali yake ya mtihani. Mkubwa aketi hapo, asome kwa sauti, asimame mahali pa kusimama.

Nikatuma Takadini kwa wote wawili, wa miaka 10 na wa kidato cha pili, dada awe msomaji. Majuzi ameniandikia. Wamefika Sekai anapopokewa kijiji cha ugenini. Yule wa miaka 10 ameuliza kama mwenzao wa dawati la mbele, yule mwenye kofia pana, naye ana mtu wa kumsindikiza akitoka shule. Dada anasema hajamjibu bado.