Chai ya Saa Kumi: Kumsoma Agatha Christie Baada ya Kutoka Hotelini

Kuna riwaya moja ya Agatha Christie ambayo hata wapenzi wake huisema vibaya. Inaitwa At Bertram's Hotel. Ilitoka mwaka 1965, mwandishi akiwa na miaka 75, na ukiwauliza wasomaji wake watakwambia bibi alikuwa ameshachoka: mauaji yanachelewa, Miss Marple hafanyi upelelezi wa maana, na mwisho wake umeshonwa kwa uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi.

Mimi niliisoma mara ya kwanza nikiwa chuo, nikaifunga na kuisahau. Mwaka huu nimeirudia kwa sababu isiyo ya kifasihi hata kidogo. Nilimpeleka shangazi yangu kunywa chai ya saa kumi jioni katika hoteli moja kubwa ya Nairobi, ile chai inayoletwa na visahani vya ghorofa tatu, na tangu siku hiyo nikawa najiuliza: hivi pale tulilipia nini hasa? Nusu ya jibu nimeipata kwa Christie. Nusu nyingine alinipa Shangazi. (Onyo kwa asiyeisoma bado: huko mbele nitataja mwisho wa hadithi.)

Tuanze na hoteli ya kitabuni. Bertram's ipo Mayfair, mtaa wa wenye nazo jijini London. Christie anatueleza kwamba vita vilipita bila kuigusa, na kwamba kufikia 1955, baada ya ukarabati wa gharama kubwa, ilikuwa inaonekana vilevile kama ilivyokuwa 1939. Shika hiyo miaka miwili, nitairudia. Ndani kuna moto wa makaa unaowaka sebuleni, ingawa joto lenyewe linatoka kwenye mitambo iliyofichwa. Televisheni ipo, ila imewekwa chumba cha pembeni isiharibu mandhari. Na kuna Henry, mhudumu mkuu, mtu wa makamo mwenye adabu za zamani, anayejua kila mgeni anapenda nini. Lady Selina Hazy akitaka mafini, anapata mafini za kweli, moto, siagi ikichuruzika. Akitaka keki ya kisibiti, ipo, na ni ile ile ya utotoni mwake.

Kwa kawaida chakula katika hadithi za Christie ni mahali pa kutilia sumu. Hapa chai ni salama, keki ni tamu, hakuna anayekufa kwa kunywa. Kitu kibaya ni chumba chenyewe, na hilo ndilo linalonifanya niseme kurasa zile za mwanzo ni miongoni mwa kurasa zake bora kabisa. Anaeleza starehe mpaka unaitamani, halafu polepole starehe hiyo inaanza kukutia wasiwasi, na huwezi kusema ni sentensi ipi iliyogeuza mambo.

Anayeona ni Miss Marple. Alilala Bertram's akiwa binti wa miaka 14, na sasa, uzeeni, mpwa wake na mkewe wanapotaka kumlipia mapumziko, anaomba arudishwe palepale. Anafika, anakaa, anatazama. Anafurahi kweli, na Christie hamnyimi furaha hiyo. Kisha anaanza kujiuliza: inawezekanaje kila mahali pabadilike isipokuwa hapa? Kitu kikikaa miaka yote bila kubadilika, lazima kuna mtu anayekizuia, na mtu huyo hafanyi kazi bure.

Jibu la kwanza tunalipewa mapema, tena bila kificho. Meneja, Bwana Humfries, anamweleza Kanali Luscombe jinsi biashara inavyokwenda. Wageni wenye fedha, wengi wao kutoka Marekani, wanakuja kutafuta Uingereza waliyoisoma vitabuni. Sasa Uingereza hiyo haipatikani bila watu wake. Basi wale mabibi wa ukoo na wazee wa kanisa, ambao mifuko imetoboka siku nyingi, wanapewa bei ya chini ili wawepo. Wanadhani wamekirimiwa, kumbe wamepangwa ukumbini kama viti na mazulia.

Nikisoma hapo nacheka, lakini si kicheko cha raha. Maana mtu anayekunywa chai ya hotelini kwa kawaida anajiona mtazamaji: mimi nimekuja kuona. Christie anasema hapana, na wewe ni sehemu ya maonyesho. Ukishakaa pale, umenyoosha mgongo na kushika kikombe kwa vidole viwili, mwenzako wa meza ya pili anakutazama wewe, na hoteli inamtoza kwa kukutazama.

Jibu la pili ndilo linaloiangusha riwaya kidogo. Bertram's, tunakuja kugundua, ni makao ya genge la majambazi. Heshima ya ukumbi ndiyo pazia lao. Wanamvisha mtu sura ya kasisi au jaji anayejulikana na kumpeleka kwenye tukio la wizi, mashahidi wachanganyikiwe. Kasisi Pennyfather, msahaulifu kupindukia, anaponzwa na mchezo huo. Hata yale makosa ya Lady Selina ya kusalimia watu asiowajua, ambayo tuliyachukulia kuwa uzee, yanageuka kuwa ushahidi. Wazo hilo ni zuri: kama adabu za kizamani zinaweza kuigizwa na hoteli, kwa nini watu wa kizamani wasiigizwe pia?

Tatizo ni utekelezaji. Wizi wa treni unapita haraka haraka, majambazi hawana uso, na Inspekta Mkuu Davy anajua mambo mengine kwa kuyanusa tu. Halafu kuna Bess Sedgwick, mwanamke wa mbio na hatari, ambaye Christie anampenda mno kiasi cha kumpa kifo cha kishujaa ndani ya gari, na bintiye Elvira, ambaye kwa maoni yangu ndiye mhusika wa kutisha kuliko wote, anabaki nusu amechorwa. Wanaosema riwaya ina kasoro hawajakosea. Kosa lao ni kudhani kwamba kasoro za hadithi zimeufuta na ukumbi.

Sasa niende kwenye ukumbi wetu.

Shangazi yangu ni mkulima wa majani chai upande wa Murang'a. Si shamba kubwa, ni ile mistari ya mteremkoni aliyoachiwa na wazazi. Amechuma majani mawili na kichipukizi tangu akiwa msichana, akabeba kikapu mgongoni mpaka kituoni, akapanga foleni ya mizani. Katika miaka yake sabini na kitu hakuwa amewahi kukaa mahali akaletewa chai na mtu aliyevaa glavu nyeupe. Nikasema siku yake ya kuzaliwa nimpeleke.

Niseme ukweli: nilikwenda na hotuba yangu tayari kichwani. Nilijua Waingereza wanasimulia kwamba desturi hii ilianzishwa na mke wa mtawala wa Bedford, karibu na mwaka 1840, eti njaa ikimshika kabla ya chakula cha usiku. Nilijua mchai ulipandwa Limuru mwaka 1903, na kwamba kwa miongo mingi ya ukoloni zao hili lilikuwa la wazungu wa mashamba makubwa, wenyeji wakiwa wachumaji tu. Nilitarajia Shangazi akasirike, nami niandike makala kuhusu hasira yake. Kumbe mwenye hasira nilikuwa mimi peke yangu.

Chai ilikuja katika birika la fedha, na pembeni vifuko vya karatasi vyenye lebo ya Kiingereza. Shangazi alichukua kifuko kimoja, akakipasua, akamwaga majani kwenye kisahani, akayasugua kwa kidole na kuyanusa. Nikasubiri hukumu. "Si mabaya haya," akasema. (Tulikuwa tukiongea lugha ya nyumbani, natafsiri.) "Ila hawajui kuyapika."

Akamwita mhudumu, kijana mdogo, akamwambia, "Mwanangu, hii mmeinyunyizia maji tu. Hakuna iliyochemka na maziwa?" Kijana akatazama kushoto, akatazama kulia, akachukua birika. Aliporudi alikuwa na chai ya maziwa iliyoiva, ile yenye rangi ya udongo wa kwetu. Akainama na kusema kwa sauti ya chini kwamba ni ile wanayokunywa wenyewe huko nyuma. Shangazi akanywa vikombe vitatu. Skonzi alizionja (si zile skonzi za dukani, hizi zinaliwa na krimu na jamu), akasema zinataka sukari. Sandwichi za matango alizicheka waziwazi.

Halafu akaja msichana mwenye kamera. Anaomba, kwa heshima zote, ampige Shangazi picha akiwa na kikombe, iwekwe kwenye kurasa za hoteli. Maana Shangazi alikuwa amependeza, kitambaa cha kichwani, sweta la buluu, uso ule. Mimi nikataka kukubali, hata nikaona fahari. Shangazi akamwuliza yule binti, "Mnanilipa ngapi?" Binti akacheka. Shangazi hakucheka. Picha haikupigwa.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Bertram's. Shangazi hajasoma riwaya yoyote ya Christie, lakini kwa swali moja alikuwa amefika pale ambapo Lady Selina hakufika katika kitabu kizima: alijua kwamba uso wake ni mali, na kwamba kuna mtu anataka kuuchukua kwa bei ya bure.

Kitu ambacho Christie hakukiona ni kile kilichomo ndani ya kikombe. Anajua mafini zimetoka jikoni, anajua adabu za Henry zimetoka kwa mwajiri, anajua wazee wametoka kwenye orodha ya bei ya chini. Majani chai hayatoki popote. Yapo tu, kama mvua ya London. Rudi sasa kwenye ile miaka miwili. Mwaka 1955, Bertram's ilipokuwa imerudishwa sura ya 1939, Murang'a ilikuwa ndani ya Hali ya Hatari, watu wamehamishwa kwa nguvu na kurundikwa vijijini chini ya ulinzi. Shangazi alizaliwa miaka hiyo. Ni katika miaka hiyohiyo pia ndipo wakulima wadogo Waafrika walipoanza kuruhusiwa kupanda mchai wao wenyewe, na shirika la KTDA, lililokuja kuwasimamia, likaundwa 1964, mwaka mmoja kabla ya riwaya hii kutoka.

Silalamiki kwamba Christie hakuandika habari za Murang'a; hakuwa na wajibu huo. Nasema tu kwamba mwandishi mwenye jicho kali kiasi hicho, aliyeuliza nani analipia kila kitu ukumbini, aliishia kwenye ukingo wa kikombe.

Na kuna jambo jingine. Funzo la riwaya, analolifikia Miss Marple, ni kwamba huwezi kurudi ulikotoka, maisha ni kwenda mbele. Ni funzo la haki, na ujasiri wa kitabu upo hapo: bibi mpenda mambo ya kale anakiri kwamba mapenzi hayo ndiyo yaliyowapa wezi mahali pa kujificha. Lakini ni funzo la mtu aliyewahi kuwa mle ndani. Shangazi hakuwa na 1939 ya kurudia. Ukumbi ule kwake ulikuwa kitu kipya kabisa, mahali ambapo mama yake asingepita mlangoni isipokuwa kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo furaha yake, na alifurahi jamani, sikuweza kuiita kudanganywa. Hotuba yangu nilirudi nayo nyumbani.

Bili ilipokuja niliifunika kwa mkono. Akaniondoa mkono, akaisoma. Shilingi 4,000 kila mtu. Kwa malipo ya mwezi anayopata, shilingi ishirini na kitu kwa kilo, hizo ni si chini ya kilo 130 za majani mabichi, kwa mtu mmoja, na chai iliyotumika mezani petu haikufika hata gramu mia. Nilijua hesabu hiyo anaifanya kichwani haraka kuliko mimi kwenye simu. Akanyamaza kidogo. Nikaanza kuinua mkoba wake ili twende.

"Tulia," akasema. "Usinikimbize. Hapa tumelipia viti, chai ilikuwa nyongeza."

Miss Marple asingelisema vizuri zaidi. Tukakaa mpaka taa zikawashwa.

Kwa hiyo isome At Bertram's Hotel. Ukiifuata kama hadithi ya upelelezi utachoka katikati, na una ruhusa yangu kurukaruka. Lakini zile sura za mwanzo zisome taratibu, kikombe mkononi, halafu jiulize kama Miss Marple: kitu hiki kinasimamishwa na nani, na mimi nimekaa hapa kama mgeni au kama samani?

Shangazi ameshaniuliza tutarudi lini. Nimemwambia bonasi ikitoka.